Adapta ya taa za jukwaani: Kwa nini hupimwa peke yake

DESEMBA 28, 1881, katika jumba la maonyesho la Savoy jijini London, mwenye jumba hilo, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani akiwa na taa ya umeme iliyokuwa ikiwaka. Aliizungushia kitambaa chepesi, cha aina inayoshika moto upesi, kisha akaivunja mbele ya watazamaji. Taa ilizimika. Kitambaa hakikuungua.

Kwa watazamaji wa wakati ule, jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Majumba ya maonyesho ya Ulaya yalikuwa yakimulikwa kwa gesi, na moto wa gesi ulikuwa ukiua. Miaka sita baadaye, Septemba 1887, mapambo ya jukwaa yalishika moto wa taa za gesi katika jumba la Theatre Royal mjini Exeter, nako huko Uingereza, na watu 186 wakapoteza maisha.

Savoy linatajwa kuwa jengo la kwanza la umma duniani kumulikwa lote kwa umeme, kwa taa zipatazo 1,200 zilizobuniwa na Joseph Swan. Majumba mengine yalifuata, na hofu ya gesi ikaisha polepole. Hata hivyo, umeme nao ulikuja na hatari zake, na mojawapo hukaa mahali ambapo mtazamaji hafikirii kutazama: katika kipande kidogo cha plastiki, chenye plagi upande mmoja na soketi upande wa pili, kinachoitwa adapta.

Mafundi wa majukwaa nchini Uingereza huzihifadhi adapta hizo kwa makumi katika masanduku. Ni rahisi kuzidharau, kwa kuwa adapta haina balbu wala mota, na haifanyi kazi yoyote inayoonekana. Lakini umeme wote wa taa hupita humo, na waya unaomlinda fundi asipigwe na umeme hupita humo pia. Ndiyo sababu adapta hupewa namba yake, hukaguliwa na kupimwa kama kifaa kamili kinachojitegemea.

Plagi tatu katika jumba moja

Asili ya adapta hizo ni historia ya plagi zenyewe. Mwaka 1934 Uingereza ilitoa kiwango kinachojulikana kama BS 546, cha plagi zenye pini za mviringo. Miongoni mwake ilikuwamo plagi kubwa ya ampea 15, ambayo haina fyuzi ndani yake.

Mwaka 1947 kikatoka kiwango kingine, BS 1363, cha plagi ya ampea 13 yenye pini tatu bapa. Hiyo ndiyo plagi ambayo wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala wanaifahamu majumbani mwao. Tofauti yake kubwa na ile ya zamani ni kwamba ndani yake mna fyuzi.

Nyumba za Uingereza zilihamia kwenye plagi mpya, lakini majukwaa yalibaki na plagi ya ampea 15, na sababu ni ya kikazi. Taa za jukwaani huning'inizwa kwenye mabomba ya chuma, juu sana ya vichwa vya waigizaji. Balbu kubwa inapoungua huweza kusababisha mkondo mkali wa ghafla. Kama plagi ingekuwa na fyuzi, fyuzi hiyo ingekatika huko juu, na mtu angelazimika kupanda ngazi katikati ya onyesho. Kwa plagi isiyo na fyuzi, kinga huwekwa chini, kwenye dima, yaani mtambo unaopunguza na kuongeza mwanga, ambako fundi huifikia kwa mkono.

Aina ya tatu ni plagi ya viwandani ya ampea 16, yenye umbo la duara na kifuniko, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya buluu. Hiyo hutumika sana katika majumba mapya na kwa makampuni yanayokodisha taa.

Kikundi cha maigizo kinachozunguka kinaweza kuzikuta aina zote tatu ndani ya juma moja. Taa ya kukodi ina plagi ya ampea 16, jukwaa lina soketi za ampea 15, na chumba cha nyuma kina soketi za kawaida za ampea 13. Kinachoziunganisha ni adapta.

Waya usioonekana kazi yake

Taa nyingi kubwa za jukwaani zina bodi ya chuma. Ndani ya kebo yake mna nyaya tatu: waya wa moto, nyutro, na waya wa ardhi ambao mafundi wengi huuita ethi. Nyaya mbili za kwanza ndizo zinazowasha taa. Ethi haihusiki kabisa na mwanga. Inaweza kukatika leo na taa ikaendelea kuwaka mwaka mzima bila mtu kugundua.

Kazi ya ethi huonekana siku waya wa moto unapolegea na kugusa bodi ya chuma. Kama njia ya kurudi ardhini ni nzuri, mkondo mkubwa hupita mara moja. Kwa umeme wa volti 230, njia yenye ukinzani wa omu 1 kwa jumla hupitisha ampea 230, na fyuzi ya ampea 10 hukatika papo hapo.

Njia hiyo ikiwa mbovu, tuseme ina ukinzani wa omu 50 kwa sababu skrubu imelegea ndani ya adapta, mkondo utakaopita ni ampea 4.6 tu. Fyuzi ya ampea 10 haitatambua kwamba kuna jambo lisilo la kawaida, na bodi ya taa itabaki na umeme.

Fundi anayepanda ngazi kuielekeza taa hiyo kwa kawaida hushika bomba la chuma kwa mkono mmoja na bodi ya taa kwa mkono wa pili. Bomba limeunganishwa na ardhi. Umeme hupita kutoka mkono hadi mkono, yaani katika kifua ambamo moyo umo. Vifaa vya kukata umeme unaovuja, ambavyo kwa kazi ya kumlinda mtu hutengenezwa vikatike kwa miliampea 30, hupunguza sana hatari hiyo, lakini si kila mtandao wa taa wa zamani unavyo. Na hata mshtuko usioua huweza kumwangusha mtu kutoka juu ya ngazi.

Kinga inapobadilishwa bila kujulikana

Tatizo la pili ni la fyuzi. Fyuzi au sakiti breka huwekwa ili kuilinda kebo isipate moto, na kila kebo ina uwezo wake. Kebo laini yenye nyaya za milimita za mraba 0.75 hubeba takriban ampea 6. Yenye milimita za mraba 1.5 hubeba takriban ampea 16.

Kifaa kidogo kilichouzwa na plagi ya ampea 13 yenye fyuzi ya ampea 3 kinaweza kuwa na kebo nyembamba kwa usalama kabisa, kwa kuwa fyuzi hiyo ndiyo mlinzi wake. Fundi akiikata plagi hiyo na kuweka ya ampea 15 au 16, mlinzi ameondoka. Kebo ya ampea 6 sasa inalindwa na breka ya ampea 16. Kasoro ikitokea, kebo inaweza kupata joto kali muda mrefu kabla ya breka kukatika.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa adapta inayotoa soketi za ampea 15 au 16 kutoka kwenye plagi kubwa ya ampea 32 bila breka ndani yake. Kifaa cha namna hiyo kinapaswa kuwa sanduku la kugawia umeme lenye breka kwa kila soketi, na si nyaya zilizofungwa pamoja tu.

Upande mwingine upo ule unaozidisha mzigo. Taa moja ya wati 2,000 huvuta takriban ampea 8.7. Adapta yenye plagi moja ya ampea 13 na soketi mbili za ampea 15 humkaribisha mtu aunganishe taa mbili za aina hiyo, ambazo kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 17. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki mara tu kiwango kinapovukwa. Inaweza kuvumilia kwa muda huku plagi na soketi ya ukutani vikipata joto.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi halihitaji mita. Anauliza: adapta hii inapeleka umeme wapi, na upande wa pili kebo italindwa na nini? Adapta inaweza kufaulu vipimo vyote vya umeme na bado ikawa haifai kutumika.

Hatua nne za ukaguzi

Ukaguzi wenyewe huanza kwa macho na mikono. Kasoro nyingi za vifaa vya umeme hugunduliwa hivyo, kabla ya mita kuwashwa. Mkaguzi hutazama kama plastiki imepasuka, kama pini zina alama nyeusi za joto, na kama kibano kinaishika ganda la nje la kebo badala ya nyaya za ndani. Plagi inayofunguka kwa bisibisi hufunguliwa, skrubu hukazwa, na fyuzi hutazamwa kama ni ya kiwango kinachotakiwa.

Hatua ya pili ni kupima ethi kutoka pini ya plagi hadi tundu la soketi. Kanuni inayotumika sana Uingereza ni kwamba ukinzani usizidi omu 0.1, ukiongezewa ukinzani wa waya wenyewe. Mita moja ya waya wa milimita za mraba 1.5 ina takriban omu 0.013. Kwa hiyo kebo ya mita 10 inaruhusiwa kufikia takriban omu 0.23, lakini adapta yenye kebo ya nusu mita haina kisingizio cha kupita kiasi kikubwa juu ya omu 0.1.

Kipimo hiki hufanywa huku kebo ikitikiswa na kupindwa karibu na plagi, kwa kuwa waya uliokatika ndani unaweza kugusana ukiwa umetulia na kuachana ukivutwa. Mita ndogo ya kawaida ya fundi nayo huweza kudanganya. Hutumia mkondo mdogo sana, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya nyuzi nyingi unaweza kutoa jibu zuri. Mashine maalumu za kupimia zina uwezo wa kupitisha mkondo mkubwa zaidi, mpaka ampea 25 kwa baadhi yake, na uzi huo mmoja hauwezi kuuhimili.

Hatua ya tatu ni kupima kama plastiki inayozitenganisha nyaya bado inazuia umeme. Waya wa moto na nyutro huunganishwa pamoja, kisha volti 500 za umeme wa moja kwa moja huwekwa kati yake na ethi. Ukinzani unaotakiwa ni usiopungua omu milioni moja. Adapta nzima na kavu hutoa kiwango cha juu zaidi ya hapo kwa mbali. Iliyolowa, iliyojaa vumbi au iliyoungua ndani hushuka.

Hatua ya nne ni kuhakikisha kwamba waya wa moto umetokea kwenye tundu la moto, na nyutro kwenye tundu la nyutro. Adapta nyingi za majukwaani hufungwa kwa mikono na mafundi wenyewe, na kosa la kubadilisha nyaya hizo ni rahisi kutokea, hasa kazi inapofanywa usiku wa kuamkia onyesho.

Nyaya zikibadilishana, taa huwaka kama kawaida. Lakini fyuzi iliyo mbele ya adapta hiyo sasa imekaa kwenye nyutro. Waya wa moto ukigusa bodi ya taa, mkondo wa kasoro haupiti katika fyuzi hiyo kabisa. Vilevile swichi ya taa ikizimwa hukata nyutro tu, na kishikio cha balbu hubaki na umeme wakati fundi anaponyoosha mkono kubadilisha balbu.

Makosa mawili yanapofichana

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya kuipima adapta peke yake. Mashine nyingi za kupimia zinazotumika Uingereza zina soketi ya ampea 13. Ili kupima taa yenye plagi ya ampea 15, mpimaji hulazimika kutumia adapta. Taa ikifaulu hubandikwa karatasi ya kijani na kupelekwa jukwaani, ambako huunganishwa kwa adapta nyingine tofauti, iliyochukuliwa sandukuni, ambayo pengine ethi yake imekatika. Karatasi ya kijani kwenye taa inasema kweli kuhusu taa. Haisemi lolote kuhusu adapta iliyo mbele yake.

Hali mbaya zaidi hutokea adapta na kebo ya kurefushia zinapopimwa zikiwa zimeunganishwa. Kama nyaya zimebadilishana katika adapta, na zimebadilishana pia katika kebo, kosa la pili hulisahihisha la kwanza. Mashine huonyesha kwamba kila kitu ni sawa. Siku inayofuata vifaa hivyo viwili hutenganishwa na kupelekwa kwenye taa tofauti, na sasa kuna taa mbili zenye kasoro, zote zikiwa na hati ya kufaulu.

Kwa sababu hiyo, adapta inayotumika pamoja na mashine ya kupimia huwa ya kwanza kupimwa asubuhi kabla ya kazi kuanza. Nyingine zote hupimwa moja moja, kila moja kwa namba yake, na matokeo huandikwa katika daftari.

Sheria inasemaje

Wengi huamini kwamba sheria ya Uingereza inataka kila kifaa kipimwe mara moja kwa mwaka. Sivyo. Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989, zilizoanza kutumika Aprili 1, 1990, zinamtaka mwenye vifaa avitunze ili visilete hatari. Hazitaji muda wala karatasi ya kubandika, na mamlaka ya afya na usalama kazini ya nchi hiyo, HSE, imekuwa ikikanusha dhana hiyo ya kila mwaka.

Mwongozo wa taasisi ya wahandisi, IET, katika toleo lake la tano la mwaka 2020, unaelekeza kwamba muda wa ukaguzi utokane na hatari iliyopo. Taa iliyofungwa mahali pamoja kwa miaka mingi haina hatari sawa na adapta inayochomekwa na kuchomolewa kila usiku, kukanyagwa, kuvutwa na kurushwa ndani ya sanduku la gari. Kwa maana hiyo, kifaa kidogo kuliko vyote ndicho kinachostahili kutazamwa mara nyingi zaidi.

Ujio wa taa za LED umeongeza jambo jingine. Taa hizo huvuta umeme kidogo, lakini zina vifaa vya elektroniki vinavyohitaji umeme kamili usiopunguzwa. Adapta ya ampea 15 humwezesha mtu kuichomeka taa ya namna hiyo kwenye soketi ya dima bila kizuizi chochote. Plagi inaingia vizuri, lakini umeme unaotoka humo unaweza kuiharibu taa. Majumba yenye utaratibu mzuri huziwekea adapta zake alama za rangi, ili ile ya dima isichanganywe na ile ya umeme wa kawaida.

Funzo kwa kumbi za Afrika Mashariki

Nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia plagi ileile ya ampea 13, lakini vifaa vya maonyesho vinavyoingia katika kumbi zake vinatoka pande nyingi. Kikundi kinachotoka Afrika Kusini kinaweza kuja na plagi kubwa za pini za mviringo, ambazo huko ni za kawaida majumbani. Taa zinazotoka bara la Ulaya huja na plagi ya pini mbili nene inayojulikana kama Schuko.

Plagi hiyo ya Schuko ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi. Ethi yake ipo, lakini haiko katika pini. Iko pembeni, kama vipande viwili vya bati, na soketi za kwao zina vibano vya kuvigusa. Ikiingizwa katika zile adapta za bei nafuu zenye matundu ya kupokea kila aina ya plagi, pini mbili huingia, taa huwaka, na vipande vya ethi havigusi chochote.

Ndivyo ilivyo pia kwa desturi inayojulikana na wengi, ya kusukuma tundu la juu la soketi kwa kijiti au ncha ya kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa chaja ya simu isiyohitaji ethi, hatari iko katika mguso wa pini unaolegea na kupata joto. Kwa taa ya chuma iliyofungwa juu ya jukwaa la harusi, ibada au maigizo ya shule, ethi imeondolewa kabisa, na wa kwanza kuligundua hilo atakuwa mtu aliyeishika.

Ukumbi usio na mashine ya kupimia unaweza kuanza na yale yasiyohitaji mashine: kuzitoa zote sandukuni, kuzipa namba, kuzifungua zinazofunguka, kukaza skrubu, kutupa zilizoungua, na kuikataa adapta yoyote isiyopitisha ethi kwenye taa yenye bodi ya chuma. Fundi mwenye sifa aitwe kwa ajili ya vipimo vilivyobaki, na umeme uzimwe kabla ya mtu yeyote kugusa nyaya.

D'Oyly Carte aliweza kuwatoa hofu watazamaji wake kwa kuivunja taa moja mbele ya macho yao. Adapta haimpi mtu ushahidi wa namna hiyo. Nzima na mbovu huwasha taa kwa mwanga uleule, na tofauti yake hujulikana kwa kupimwa tu, kila moja kwa zamu yake.